Mbwa Asiye na Cheti

Wiki niliyostaafu, vijana wa ofisini walinipa keki, kadi na swali. Keki tuliila, kadi nimeiweka dirishani, na swali limenikera mpaka nimeketi kuandika. Waliuliza hivi: mpangaji akisema mnyama wake ni wa kumtuliza moyo, tumjibu nini? Waliuliza kana kwamba kuna kitufe cha kubonyeza. Nimesimamia nyumba za kupangisha hapa Birmingham tangu magoti yangu yalipokuwa yakipanda ngazi bila kunung'unika, na bado jibu langu halikuenea katika muda wa kula kipande kimoja cha keki. Basi nawaandikia. Someni polepole, na msiniletee maswali mengine.

Nilizaliwa Voi. Kwetu mbwa alilala nje, paka alijitafutia chakula, na kuku mwisho wake ulijulikana. Hakuna aliyenidokezea kwamba siku moja nitaketi sebuleni mwa mtu, kikombe cha chai mkononi, tukijadili hisia za mjusi. Lakini mshahara ulitoka kwa Mzee Mohinder, na Mzee Mohinder alikuwa na nyumba katika mitaa ya Aston, Winson Green na Tyseley, na ndani ya nyumba hizo waliishi watu, na watu hawaji peke yao.

Mzee Mohinder ni Singasinga aliyezaliwa Jinja, Uganda. Alifukuzwa nchini humo akiwa kijana, yeye na wazazi wake, akafika Uingereza akiwa amevaa viatu vya kiangazi. Kiswahili chake hakikufukuzwa. Siku aliyoniajiri alinihoji kwa Kiswahili, mbele ya wanawe waliokuwa hawaelewi neno.

"Unajua kuongea na watu?"

"Najua."

"Basi hiyo ndiyo kazi. Bomba likipasuka tunaita fundi. Mtu akipasuka, ni wewe."

Nilidhani ni mzaha.

Siku ya kwanza alinikabidhi kwa Maureen, mama wa hapa hapa Birmingham aliyekuwa amezeeka katika kazi hii. Maureen alivuta sigara, alichukia mbwa, na mifukoni alibeba biskuti za mbwa, kwa sababu alisema kuchukia ni jambo moja na kung'atwa ni lingine. Tulikwenda kukagua nyumba Tyseley, karibu na karakana ya treni. Mpangaji alikuwa baba mmoja mnene, fundi wa hapo karakanani. Alituapia mlangoni kwamba hana mnyama. Nyumba nzima ilinukia maua. Maureen alinikonyeza. Baadaye alinifundisha: nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake ikinukia maua kupita kiasi, kuna kitu kinafichwa. Uangalie mlango kwa chini, kwenye mikwaruzo. Inua pembe ya zulia, uinuse. Usione haya kunusa. Pua ni kifaa cha kazi kama tochi.

Maureen akafungua bafu. Ndani ya beseni la kuogea, kwenye maji safi, alikuwa anaogelea bata mweupe.

"Huyo si mnyama," yule baba akasema. "Ni ndege."

Kisha akaanza kulia. Mwili ule wote ukatikisika. Bata alikuwa wa mama yake, na mama alikuwa amekufa. Mimi nilisimama na funguo zangu mpya, nikitamani sakafu inimeze. Maureen aliketi ukingoni mwa beseni, karibu na bata, na kumwashiria yule baba aketi juu ya choo. Akamwacha alie mpaka akaishiwa. Kisha akamwuliza mambo mawili tu: huyu bata anakusaidia nini, na nani anasafisha. Bata alihamia uani kwenye kibanda kabla mwezi haujaisha, na yule baba alikaa katika nyumba ile miaka mingi bila kutusumbua.

Tulipotoka nilimwuliza Maureen kwa nini aliketi.

"Huwezi kubishana na mtu anayelia huku umesimama," akasema. "Utaonekana polisi. Na mgongo unauma."

Maureen alistaafu, nami nikabaki na tochi yake. Hapo ndipo vilipoanza vyeti.

Sijui nani alivibuni, lakini ningependa kukutana naye. Mtu anaingia intaneti, anajibu maswali kadhaa kuhusu huzuni yake, analipa, anatumiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu kwamba mnyama wake ni mnyama wa msaada wa kihisia. Muhuri ule ule nimeuona kwa paka wa Aston, kwa sungura wa Tyseley, na kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa na mjusi wa kijani mrefu kama mkono wangu. Nilimwuliza yule mwanafunzi mjusi anamsaidiaje. Akasema akimtazama anapata amani. Nilimtazama na mimi. Sikupata.

Shikeni hili, kwa sababu mnaliuliza kila mara. Mbwa aliyefunzwa kumwongoza kipofu, au kumtahadharisha mtu mwenye kifafa, huyo ni habari nyingine. Sheria inamlinda mwenye mbwa waziwazi, wala msianze ubishi. Cheti cha intaneti hakina uzito wowote hapa. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, cheti kuwa upuuzi hakumaanishi kwamba mtu haumwi. Maradhi ya akili yanaweza kuwa ulemavu, na mtu mwenye ulemavu akikuomba umlegezee sharti, ukimkatalia bila kufikiri utajieleza mbele ya watu wasiocheka. Siku hizi hata mpangaji asiye na ugonjwa wowote ana haki ya kuomba kufuga, na mwenye nyumba sharti awe na sababu ya maana ya kukataa. Zamani "sitaki" ilikuwa sababu. Mzee Mohinder bado anaiombolezea.

Sasa niwaeleze kesi iliyonichosha kuliko zote, nayo haikuwa na cheti hata kimoja.

Tulikuwa na nyumba Winson Green, mtaa mmoja kutoka ukuta wa gereza, iliyogawanywa flati mbili. Chini aliishi Bi Khadija, mama wa Kilamu, mjane, mtu wa swala na usafi. Juu aliishi Bwana Bisimwa, Mkongomani wa Bukavu, aliyekuja kama mkimbizi na sasa alifanya kazi ya usafi hospitalini. Walitumia ukumbi mmoja wa kuingilia, na kwa miaka walisalimiana kwa adabu. Kisha binti yake Bisimwa, anayeishi mji mwingine, akamletea mbwa kutoka makazi ya mbwa walioachwa. Mbwa wa makamo, rangi ya kahawia, sikio moja limelala. Alikuja na jina lake tayari. Aliitwa Gary.

Bi Khadija alinipigia simu.

"Salome, mwanangu, huyu bwana wa juu analeta gari ndani ya nyumba."

"Gari, Bi Khadija?"

"Ndivyo anavyoliita. Gari, kuja. Gari, kaa. Lina mkia na linatoa ute. Limepita ukumbini kwangu, limenigusa buibui, na mie nilikuwa nishatawadha."

Nilikwenda. Bwana Bisimwa alinifungulia, akanikaribisha, akanipa kiti kizuri. Mbwa alilala miguuni pake akanitazama bila haja. Nilimkumbusha kwamba mkataba unakataza wanyama. Akakubali. Nikamwuliza kwa nini basi amemleta. Akamtazama mbwa. Nikamwuliza yale ya Maureen: anakusaidia nini?

"Ananisaidia," akasema.

"Kwa jambo gani, Bwana Bisimwa? Nahitaji kitu cha kumwambia Mzee Mohinder."

"Mwambie ananisaidia."

Nilimweleza taratibu, kwa utulivu niliokuwa nao wakati huo, kwamba kama ana tatizo la kiafya, daktari anaweza kuandika mistari miwili. Si lazima aeleze kila kitu. Mistari miwili, na mimi nitapigana.

Aliinama, akamkuna mbwa nyuma ya lile sikio lililolala.

"Maman Salome, sikia. Ile habari nilisha kuisema. Niliisema kwa batu ba uhamiaji, wakaniuliza mara tatu wakitafuta kama nitakosea. Niliisema kwa avoka, ule wakili wangu. Niliisema kwa docteur, na mkalimani mwenye kutafsiri alilia, ikabidi miye nimtulize. Kila pahali wanataka niitoe mbele ya kunipa kitu. Nilipewa papier ya kukaa, ni sawa, ile ilikuwa lazima. Sasa nitaitoa tena juu ya imbwa?"

"Barua itakaa kwenye faili. Hakuna atakayeisoma."

"Itakaa kwa kabati yenu. Siku moja mutu atatafuta mkasi, ataisoma."

Nikawaza kabati letu, na mkasi wetu unavyopotea kila wiki. Niliondoka nimekasirika. Kumbukeni kwamba asubuhi hiyo hiyo mwanafunzi wa mjusi alikuwa amenitumia kurasa tano za huzuni yake ambazo sikumwomba. Mwenye kitu hasemi, asiye nacho hanyamazi, na mimi katikati nikizunguka Birmingham kwa basi.

Mzee Mohinder hakutaka kusikia. Alinywa chai yake, akaweka kikombe.

"Kwa nini hawezi kusema? Mimi nilisema. Kambini, tulipofika hapa Uingereza, nilisema kwa kila mtu aliyekuwa na meza. Nilimwambia mama wa kugawa nguo askari walivyotuvua saa na pete za mama yangu njiani. Akanipa koti. Nilivaa koti ile miaka mingi. Hakuna kitu nilipungukiwa."

"Si kila mtu yuko hivyo, Mzee."

"Basi aende pahali ambapo watu wako hivyo. Mama wa chini analalamika, mkataba unasema hapana, na yeye hataki kutoa hata barua ya daktari. Nitetee nini? Andika taarifa ya kuhama."

Nilibishana naye kutwa nzima, simu ikilia kati yetu. Kila nilipoeleza, alirudi kwenye koti. Mwisho nilimwomba aniachie mpaka mwisho wa wiki. Akasema niache kuwa mama wa kila mtu. Nikamwambia ndiye aliyenipa kazi hiyo siku ya kwanza. Hakujibu, na kwa Mzee Mohinder kutojibu ni ruhusa.

Nilirudi kwa Bisimwa mara nyingine, akanipa chai na jibu lile lile. Nilimpigia binti yake. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba baba hajawahi kumweleza hata yeye, na kwamba mbwa alimchagua kwa sababu hakuwa anabweka. Nikamwuliza kama anajua baba yake yuko karibu kupoteza nyumba. Akasema, "He'll go, you know. He'll pack and go before he tells you." Nilimwamini: angefungasha na kuhama kabla ya kuniambia neno. Sauti yake ilikuwa na ukaidi wa baba yake.

Ijumaa nilimpitia Bi Khadija, kumjulisha. Nilikuwa nimechoka na sikupamba maneno. Aliniwekea mahamri na chai ya viungo, nikamwambia kwamba malalamiko yake yamekubaliwa, kwamba Bwana Bisimwa ataandikiwa ahame.

Akaacha kumimina.

"Ahame nani?"

"Bwana Bisimwa. Na mbwa."

"Mie nilikwambia ahame?"

"Ulisema humtaki mbwa ndani ya nyumba."

"Nilisema simtaki ukumbini kwangu. Ukumbini. Nilikutuma unisafishie ukumbi, wewe umekwenda kumtoa mtu kwake?"

Hapo, wenzangu, nilihisi kichwa kinachemka. Nilimwuliza Bi Khadija alitaka nifanye nini hasa, maana wiki nzima nimekuwa nikipanda na kushuka ngazi za watu kwa ajili ya buibui lake. Sauti yangu ilipanda. Yeye hakujali. Alimalizia kumimina, akaketi, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

"Hebu sikiza. Chumba chake cha kulala kiko juu ya changu. Tangu ahamie yule bwana, alikuwa akipiga mayowe usingizini. Si kila siku, lakini zaidi ya siku alizonyamaza. Anaita watu. Majina. Mengine ya watoto. Mie nikiamka naketi kitandani, namsomea dua mpaka anyamaze. Miaka yote hiyo. Tangu aje huyo mbwa, kimya. Namsikia anaanza, kisha nasikia kucha za mbwa sakafuni, tap tap, kisha kimya. Analala. Na mie nalala."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nikwambie nini? Kilio cha mtu si chako kukitembeza."

"Na sasa?"

"Sasa mwataka kumtoa. Mlete huyo Singasinga wako hapa."

Nilimleta Jumatatu. Mzee Mohinder alivua viatu mlangoni, akaketi, akala mahamri mawili kabla ya kuanza kubisha. Bi Khadija alimwambia yale yale, kwa maneno machache zaidi. Majina hakuyataja. Mzee alisikiliza akitazama dari.

"Lakini mama, wewe ndiye ulileta malalamiko," akasema.

"Nayaleta bado. Mbwa asipite mbele. Nyuma kuna ngazi ya chuma umeifunga tangu nihamie, umeijaza mabati na milango mibovu. Ifungue."

"Ile imeshika kutu."

"Itengeneze basi, Bwana. Nyumba ni yako."

Mzee alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitia kutu ile ngazi. Nilimtazama pia. Nilikuwa nimepungukiwa na upole siku nyingi. Alijaribu tena habari ya barua ya daktari, na Bi Khadija akamkata.

"Barua ya nini? Shahidi ni mie. Mie ndiye nilalaye chini yake."

Hapo Mzee Mohinder alimaliza chai yake na kuuliza kama kuna mahamri mengine. Nje tulitembea kuelekea kituo cha basi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama yangu pia alikuwa anapiga kelele usiku. Tulikuwa tunajifanya hatusikii." Nikangoja aendelee. Akaniambia nimtafute fundi wa vyuma, na asiwe yule wa mara ya mwisho, mwizi yule.

Ngazi ilitengenezwa. Niliandika nyongeza ya mkataba, nusu ukurasa: mbwa anaruhusiwa, anapita nyuma, mpangaji anasafisha. Hakuna neno la ugonjwa ndani yake. Mtaikuta kabatini mkitafuta mkasi, na hamtajifunza chochote kuhusu Bwana Bisimwa. Hivyo ndivyo barua nzuri zinavyokuwa.

Nilimpelekea aitie sahihi alasiri moja, alipokuwa ametoka kazini. Nilimkuta nje kwenye lami, mbwa kando yake. Aliisoma yote akiwa amesimama, akageuza karatasi kutazama nyuma yake, kama mtu anayetafuta bei.

"Muliwaambia nini?"

"Mimi sikusema kitu. Sikuwa na kitu cha kusema."

"Basi nani alisema?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka mno hata kudanganya.

"Bi Khadija. Chumba chake kiko chini ya chako."

Nilimwona anaelewa. Haikuwa furaha. Uso wake ulijifunga, akatazama dirisha la chini, lile lenye pazia jeupe, na nikafikiri, basi, nimeharibu yote. Sasa ndiyo atahama kweli. Miaka yote alikuwa ameficha jambo moja tu, na lilikuwa likisikika kupitia sakafu.

Alinipa kamba ya mbwa. Hakuniuliza kama napenda mbwa. Akaingia ukumbini peke yake, akagonga mlango wa chini. Mlango wa mbele ulibaki wazi, nikasikia kila kitu.

"Mama, ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Redio yangu, ulikuwa unagonga na ufagio. Viti nikivivuta, ulikuwa unagonga. Ile, hukugonga hata siku moja."

Nikasikia Bi Khadija akifungua mlango zaidi.

"Ile haikuwa kelele," akasema.

Kisha nikasikia viatu vya Bwana Bisimwa vikivuliwa, kimoja, halafu cha pili, na mlango wa ndani ukifungwa taratibu. Mvua ikaanza. Nilisimama pale kwenye lami na mkataba usiotiwa sahihi kwapani, kamba mkononi na mbwa aliyeketi juu ya kiatu changu, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kuniita ndani.